Gari la Mtumba: Kulinunua ni Siku Moja, Kulimiliki ni Kila Siku

Katika kurasa za matangazo madogo madogo ya magazeti yetu, na siku hizi katika simu za mkononi, kuna lugha moja ya kuuzia magari ambayo haijabadilika tangu nilipojua kusoma. Gari huwa "safi kabisa". Huwa "lilimilikiwa na mwanamke". Huwa "halihitaji lolote ila kutiwa petroli na kuondoka". Muuzaji naye huwa ama anahamia ng'ambo ama ana dharura, na bei, bila shaka, ni ya maelewano. Sijapata kuona tangazo hata moja linalosema kwamba pampu ya maji inavuja, kwamba giaboksi hutetemeka mlimani, au kwamba tairi nne zilizomo ni za umri wa mtoto anayekaribia kuingia shule ya upili.

Simlaumu muuzaji. Mchuuzi wa embe hawezi kutarajiwa kutangaza mabuu yaliyomo ndani. Ninaloliona kuwa msiba ni kwamba mnunuzi wetu wa kawaida, mwalimu, karani, muuguzi au mfanyabiashara mdogo, huweka akiba kwa miaka mingi, akakopa kwenye chama cha ushirika, akatoa kila alichonacho siku ya kununua, kisha akalileta gari nyumbani bila senti moja iliyobaki ya kulitunza. Huyu amenunua gari, lakini bado hajawa na uwezo wa kulimiliki. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa nyumba njema si mlango. Bei ya gari ni mlango tu. Nyumba yenyewe iko ndani, na ina vyumba vingi.

Ili tuelewane, afadhali nichukue gari moja ambalo kila mkazi wa Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru analijua. Nalo ni Toyota Vitz, lile gari dogo ambalo limekuwa gari la kwanza la Wakenya wengi. Lilizinduliwa Japani mwezi wa Januari 1999, na huko Ulaya likaitwa Yaris, ambako lilituzwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka wa 2000. Toleo la pili lilitoka mwaka wa 2005 na la tatu mwishoni mwa 2010. Jina la Vitz lilistaafishwa huko Japani mwaka wa 2020, pale Toyota ilipoamua kuliita gari hilo Yaris kote. Kwetu hapa jina halijastaafu hata kidogo. Nayasema haya nikiwa mwenye gari la aina hiyo, wala sina nia ya kulipaka matope. Ni gari zuri. Lakini gari zuri lililotumika ni gari lililotumika.

Kwa nini yakawa mengi hivi? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ililegeza vizuizi vya uagizaji bidhaa na vya fedha za kigeni, na bandari ya Mombasa ikaanza kupokea magari yaliyotumika kwa wingi. Japani ilitufaa kwa sababu huko, kama huku, watu huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani uko kulia. Aidha, sheria za Japani humlazimu mwenye gari jipya kulipeleka kwenye ukaguzi mkali baada ya miaka 3, na baadaye kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na wengi huona heri kuliuza gari mapema kuliko kulitengeneza ili lipite. Hivyo gari ambalo Mjapani amelichoka akiwa angali na mengi ya kufaidi ndilo linalotufikia sisi. Upande wetu, kanuni za KEBS zinakataza kuingizwa kwa gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza.

Gari hilo likishatia nanga, ushuru hulingoja kizimbani. Kuna ushuru wa forodha, ambao mwaka wa 2023 ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35 ya thamani. Kisha kuna ushuru wa bidhaa, unaohesabiwa juu ya thamani pamoja na ule ushuru wa kwanza. Halafu inafuata VAT ya asilimia 16, nayo ikihesabiwa juu ya jumla ya hayo yote. Ushuru unatozwa ushuru, na huo nao ukatozwa mwingine. Ndiyo maana gari lililonunuliwa Yokohama kwa bei ya ng'ombe wachache huja kuuzwa Ngong Road kwa bei ya shamba. Wengi wetu basi hugeuka na kutafuta lile ambalo Mkenya mwenzetu amekwisha kulitumia kwa miaka mitano au sita, kwa vile bei yake imeteremka. Hapo ndipo maswali yanapopaswa kuanza, na hapo ndipo aghalabu yanapokoma.

Swali la kwanza ni la kilomita. Mnunuzi huinama, akachungulia dirishani, akasoma tarakimu 78,000, akatabasamu. Tarakimu hiyo inaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye kompyuta ndogo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Tazama badala yake vile vitu visivyojua kusema uongo: mpira wa pedali ya breki ulioliwa, usukani uliong'ara kwa kushikwa, kiti cha dereva kilichobonyea. Iwapo gari liliagizwa moja kwa moja, itisha karatasi ya mnada ya Japani, inayoonyesha kilomita za siku ile ya mnada na daraja ambalo wakaguzi walilipa. Herufi R kwenye nafasi ya daraja huashiria kwamba gari lilipata kugongwa na likatengenezwa. Na hata kilomita zikiwa za kweli, kilomita za Nairobi si sawa na za kwingineko. Gari linalokaa katika foleni ya Waiyaki Way kwa saa mbili huku injini ikinguruma husonga kilomita chache mno, ilhali injini yake imefanya kazi ya saa mbili nzima. Kipima mwendo hakihesabu subira.

Sasa natuingie chini ya boneti. Vitz nyingi za lita moja, kuanzia toleo la 2005, zina injini ya silinda 3. Kwa maumbile yake injini hiyo hutikisika kidogo gari linaposimama, na mwenye kuizoea haoni ajabu. Mtikisiko ukizidi hata vioo vikaonyesha nyuso mbili mbili, mara nyingi ni mipira inayoishikilia injini kwenye bodi ndiyo iliyokufa. Injini hii hutumia mnyororo badala ya ule mkanda wa mpira unaopaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita fulani, na wauzaji hujivunia jambo hilo. Ni kweli, mnyororo hudumu. Lakini hudumu kwa sharti la oili safi. Mwenye gari anayerukaruka muda wa kubadilisha oili, au anayetiliwa oili nzito kwa hoja kwamba "injini ni kuukuu", huku kitabu cha gari kikiagiza nyepesi ya daraja kama 5W-30, huunyima mnyororo huo riziki yake. Siku utakapoanza kugongagonga asubuhi, oili pekee haitatosha kuunyamazisha.

Adui mkubwa zaidi wa injini ndogo ni joto. Injini hiyo hiyo ya silinda 3 ilitumika Ulaya katika Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1, na huko kote pampu yake ya maji imejulikana kwa tabia ya kuvuja. Uvujaji huanza kwa alama ndogo ya rangi ya waridi iliyokauka kando ya pampu. Anayeiona mapema hubadilisha pampu. Asiyeiona huongeza maji ya mfereji kwenye rejeta kila Jumatatu, na maji ya mfereji huleta kutu, kutu huziba rejeta, rejeta iliyoziba huchemsha injini, na injini iliyochemka huunguza gasketi ya kichwa na kukipinda kichwa chenyewe. Jambo lililokuwa la shilingi elfu chache limekuwa la kununua injini nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa injini haujengwi kwa mawe ya bure.

Giaboksi nayo ina mambo yake. Nyingi kati ya Vitz za toleo la pili na la tatu zina giaboksi ya aina ya CVT, isiyokuwa na gia tunazozijua bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Hilo ndilo linaloifanya petroli idumu. Lakini giaboksi hiyo ina mafuta yake maalumu, na hayafanani na yale ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki. Fundi akitia mafuta yoyote anayoyaona yana rangi ya kupendeza, mkanda ule huanza kuteleza. Dalili zake ni mtetemo gari linapoondoka, mlio mwembamba kama wa mbu unaopanda na mwendo, na injini inayopiga kelele mlimani huku gari halisongi. Anayetaka kununua asiridhike na kuzunguka uwanja wa kuegesha magari. Na alipeleke mlimani likiwa limekwisha pata moto, asimame katikati ya mteremko, kisha aondoke tena kwa utaratibu. Giaboksi itajieleza yenyewe.

Nikija kwenye miguu ya gari, hapo sina budi kuzungumzia barabara. Katika nchi yenye lami laini, mipira midogo inayounganisha mikono ya magurudumu, ile tunayoiita bushi, hudumu kwa miaka. Kwetu kuna matuta yasiyo na alama, mashimo yanayojificha chini ya maji ya mvua, na barabara za mitaa ambazo lami yake ni kumbukumbu. Gari dogo lenye magurudumu madogo huingia shimoni ambako gari kubwa lingepita juu. Kwa hiyo bushi, boljointi, shokabzoba na vile vyuma vyembamba vya kuzuia gari lisiyumbe ndivyo vinavyommaliza mwenye Vitz polepole, elfu mbili leo, elfu nne mwezi ujao.

Na hapo ndipo uhodari wa fundi unapojulikana. Gari langu lilipata kuanza kugonga upande wa mbele kila nilipopita juu ya tuta. Gereji moja ilinipa hesabu ya kubadilisha mtambo mzima wa usukani. Fundi mwingine, mzee wa makamo asiye hata na kibao cha jina mlangoni, aliliinua gari, akashika chuma kimoja chembamba kwa vidole viwili, akakitikisa, akaniambia, "Mwalimu, mgonjwa ni huyu hapa." Gharama yake haikufika sehemu ya kumi ya ile ya kwanza. Silitaji jambo hili ili kuwabeza wenye gereji, bali kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya gharama ya gari kuukuu haitokani na ugonjwa. Inatokana na ugonjwa kutajwa jina lisilo lake. Siku hizi taa ya injini ikiwaka, wengi huchomeka kile kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, wakaona neno kihisio, wakauza kihisio. Kifaa hicho husema ni wapi pameuma. Hakisemi ni nini kilichouma. Kihisio cha hewa ya ekzosi kinaweza kulalamika kwa sababu plagi zimechakaa au kwa sababu hewa inaingia panapostahili kuzibwa.

Yote niliyoyataja hadi hapa huumiza mfuko. Kuna yale yanayoua. Tairi ni mojawapo. Ubavuni mwa kila tairi kuna duara la umbo la yai lenye tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno marefu ya kupendeza huku mpira wake umekauka na kupasuka ndani kwa ndani. Ukiipandisha Mombasa Road mchana wa jua kali, gari likiwa na watu watano na mizigo, unacheza kamari na roho za watoto wako. Mafuta ya breki ni jambo jingine lisilokumbukwa. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyochemka kwa urahisi. Dereva anayeteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu huku mguu umelalia breki anaweza kukuta pedali imezama hadi sakafuni pasipo kitu. Dawa yake ni kubadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili hivi, na kuteremka kwa gia ya chini. Hakuna chakula cha mchana mjini kitakachokulinda kuliko hilo.

La tatu ni mifuko ya hewa. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza vifaa vya kuifura mifuko hiyo ambavyo baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na badala ya kumkinga dereva vikapasuka na kumrushia vipande vya chuma. Magari ya kampuni nyingi yalirudishwa kutengenezwa, yakiwemo matoleo ya Vitz mwaka wa 2015, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka wa 2017. Gari lililotoka Japani kabla ya kurekebishwa liliondoka na kifaa kile kile, na mwito wa kurudishwa ulitolewa kwa lugha ambayo mmiliki wake wa sasa huko Likoni au Bamburi haisomi. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Pwani kila siku. Nambari ya chasisi yaweza kuchunguzwa kwenye mtandao wa mtengenezaji au kwa wakala wake. Ni kazi ya dakika chache, na haigharimu kitu.

Baada ya ugonjwa huja dawa, yaani vipuri. Anayekwenda Kirinyaga Road, ile sehemu ya Grogan maarufu, hukutana na kipuri kimoja chenye bei tatu: kilichotoka kwa mtengenezaji, kilichong'olewa kwenye gari lililokatwakatwa Japani, na kilichoigizwa na kutiwa ndani ya sanduku lenye jina la kuazima. Cha pili kinaweza kuwa bora kuliko tunavyodhani, hasa kikiwa chuma kizito kama mkono wa gurudumu. Cha tatu ni mtego. Tuna sheria ya mwaka wa 2008 dhidi ya bidhaa ghushi, na mamlaka ya kuitekeleza, lakini sheria haiwezi kusimama nyuma ya kila mnunuzi anayepigiwa hesabu ya haraka. Kanuni yangu ni nyepesi: kwa kitu kinachosimamisha gari, kinacholielekeza, au kinachobeba oili na maji ya injini, sinunui cha bei ya chini. Kwa kioo cha pembeni na kishikio cha mlango, nitapatana bei hadi jua lizame.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haina aibu. Tuseme mtu amenunua Vitz kwa shilingi 900,000, akiwa na akiba ya 300,000 na mkopo wa chama cha ushirika wa 600,000, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, kwa miezi 36. Atalipa karibu shilingi 19,930 kila mwezi, na mwishowe riba pekee itakuwa imezidi 117,000. Tuseme anaishi kilomita 20 kutoka kazini, na huenda na kurudi siku 22 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 880. Gari likienda kilomita 14 kwa lita katika msongamano, atahitaji karibu lita 63. Tukichukua kwa mfano bei ya shilingi 180 kwa lita, petroli ni shilingi 11,340. Bima kamili tuiweke 4,000 kwa mwezi, maegesho 4,000, na akiba ya matengenezo 5,000. Jumla ni shilingi 44,270. Mkopo ukiisha, zitabaki 24,340 kila mwezi, mradi bei ya petroli isipande. Nayo hupanda: EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, na kati ya Oktoba na Novemba 2023 lita moja ya petroli jijini Nairobi ilifika shilingi 217.36.

Na kuna gharama moja isiyotumiwa risiti. Gari la shilingi 900,000 likija kuuzwa baada ya miaka mitano kwa 600,000, shilingi 300,000 zimeyeyuka, yaani 5,000 kila mwezi, bila mtu yeyote kuzidai. Ukitaka kujua kama unalimudu gari, basi, usiulize kama unaweza kulipa bei yake. Uliza kama mwezi wenye ada ya shule, mazishi na mvua ya masika bado utakuwa na 5,000 za fundi.

Hapa ndipo ninapotaka kuigeukia serikali. Katika kila lita ya petroli kuna Ada ya Ukarabati wa Barabara. Ilikuwa shilingi 18 hadi Julai 2024, ilipopandishwa ikawa 25. Yule mtu wetu wa lita 63 analipa shilingi 1,575 kwa mwezi kwa kiwango hicho, sawa na 18,900 kwa mwaka, ili atengenezewe barabara. Kisha analipa tena bushi na shokabzoba zilizovunjwa na barabara ile ile isiyotengenezwa. Ni mtu aliyemlipa mlinzi, akaibiwa, akaambiwa amlipe mlinzi zaidi. Mwaka wa 2025 shilingi 7 kati ya hizo 25 ziliwekwa rehani ili kupata pesa za kulipa madeni ya wakandarasi. Sikatai kwamba mkandarasi aliyefanya kazi anastahili malipo yake. Ninalouliza ni hili: ada iliyopewa jina la ukarabati ikiwa inalipa ujenzi wa jana, nani atakayeziba shimo la leo? Wakenya waliupinga ule ushuru wa asilimia 2.5 wa thamani ya gari uliopendekezwa mwaka wa 2024, na ukaondolewa. Lakini shimo la barabarani ni ushuru usiopitia bungeni, na halina kima cha juu.

Kuna watakaoniuliza: kama ni hivyo, si heri tupande matatu? Wengine ndiyo, na wasione haya. Mtu anayeishi karibu na steji, asiye na watoto wa kupeleka mbali, na anayelichukua gari ili tu jirani amwone, angefanya vyema kuziweka zile 44,270 mahali pengine. Lakini siwezi kumcheka muuguzi anayetoka zamu saa nne usiku, wala mzazi wa mtoto mlemavu ambaye makanga humwangalia kana kwamba ni mzigo wa ziada, wala fundi wa nguo anayebeba majora yake kutoka Eastleigh. Kwao gari ni usalama, ni heshima, ni riziki. Hao ndio hasa ninaowaandikia, kwa kuwa wao ndio gari likiwaangusha hawana pengine pa kushika.

Kwao nina ushauri ufuatao. Kwanza, usitumie pesa zote siku ya kununua. Gari la 900,000 lenye 100,000 za kulirekebisha miezi ya mwanzo ni bora kuliko la milioni moja lisilo na kitu. Pili, mlipe fundi wako mwenyewe, asiyejuana na muuzaji, alikague gari kabla hujatoa hata arubuni. Muuzaji anayekataa gari lake liinuliwe amekwisha kujibu swali. Tatu, hakikisha jina lililo kwenye rekodi za NTSA ni la huyo anayekuuzia, kisha ubadilishe umiliki mara moja. Sheria ya Trafiki inakupa siku 14. Aliyeuza naye asilale, kwani gari lililobaki kwa jina lake likiua mtu, polisi watabisha kwake. Nne, bima ya kuwakinga watu wengine ni lazima kwa mujibu wa Sura ya 405 ya sheria zetu, lakini haitalipa hata taa yako iliyovunjika. Jua unanunua nini.

Tano, na hili ndilo kubwa, nunua daftari la shilingi hamsini. Andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, aina ya oili iliyotiwa, na pesa zilizotoka. Magari ya uchukuzi wa umma hukaguliwa kila mwaka kwa amri ya sheria. Gari lako la binafsi likague wewe mwenyewe kila mwaka kwa amri ya akili: breki, tairi, usukani, taa, maji, oili. Daftari hilo litakuambia ni lini kipuri kilichoigizwa kilikudanganya. Litakuambia pia ni lini gari limeanza kula kuliko linavyoleta, ili uliuze kabla halijakufilisi.

Na siku hiyo ya kuliuza itakapowadia, mkabidhi mnunuzi daftari hilo pamoja na ufunguo. Atalilipia zaidi kwa hiari yake kuliko atakavyolilipia neno "safi kabisa", na huenda yeye naye akaendelea kuliandika.